BAE Systems: kampuni ya silaha inayoajiri wahitimu, na swali la ulikotoka

Kila majira ya vuli, mwaka wa masomo unapoanza katika vyuo vikuu vya Uingereza, kampuni kubwa hupeleka wawakilishi wao kwenye maonyesho ya ajira na kuwaita wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Miongoni mwao hukosekana kwa nadra BAE Systems, kampuni kubwa kuliko zote za zana za kivita nchini humo na mojawapo ya kubwa zaidi duniani. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikichukua zaidi ya vijana 2,000 kwa mwaka nchini Uingereza peke yake, wakiwa ni wanagenzi waliotoka shule, wanafunzi wa mafunzo kazini na wahitimu wa vyuo vikuu. Si waajiri wengi wa wahandisi nchini humo wanaoweza kutaja hesabu kama hiyo.

Kwa familia za Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya na Wasomali wa pwani zilizoweka makazi Uingereza, jina hilo huingia nyumbani pamoja na kijana aliyesomea uhandisi au kompyuta. Linaleta maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni kama mlango uko wazi kwa mtu aliyezaliwa Uvira au Kigoma. La pili ni kama mtu anayejua historia ya kampuni hiyo katika Afrika ya Mashariki na Kati angependa kuupita.

Kampuni yenyewe

BAE Systems ilizaliwa tarehe 30 Novemba 1999, British Aerospace ilipoungana na Marconi Electronic Systems, kitengo cha elektroniki za kivita na ujenzi wa meli kilichokuwa mali ya kampuni ya GEC. British Aerospace nayo ilikuwa imeundwa na serikali mwaka 1977 kwa kutaifisha viwanda vya ndege, kisha ikauzwa kwa wenye hisa binafsi kati ya mwaka 1981 na 1985. Kutokana na historia hiyo serikali ya Uingereza ilibakiwa na hisa moja maalumu ambayo haina thamani kubwa ya fedha lakini ina nguvu ya sheria. Kwa hisa hiyo, mtendaji mkuu wa kampuni sharti awe raia wa Uingereza, wakurugenzi walio wengi vilevile, na hakuna mgeni mmoja anayeruhusiwa kumiliki zaidi ya asilimia 15 ya hisa.

Hata hivyo kampuni ni ya kimataifa kwa kila maana. Mwaka 2024 mauzo yake yalifikia pauni bilioni 28.3, na wafanyakazi wake walizidi 100,000 katika nchi zaidi ya 40. Karibu nusu yao wako Uingereza. Kundi kubwa linalofuata liko Marekani, na wengine wengi wako Saudi Arabia na Australia. Tawi la Marekani huendeshwa chini ya makubaliano maalumu na serikali ya nchi hiyo, kiasi kwamba makao makuu ya Uingereza hayaruhusiwi kujua baadhi ya mambo yanayofanywa na kampuni yao wenyewe. Mwezi Februari 2024 tawi hilo lilikamilisha ununuzi wa Ball Aerospace kwa kiasi cha dola bilioni 5.5. Ball ndiyo iliyotengeneza mfumo wa vioo vya darubini ya anga ya James Webb, jambo linaloonyesha kwamba si kila mtu katika kampuni ya silaha hutengeneza silaha, ingawa wengi hufanya hivyo.

Kazi iko wapi

Mhitimu anayedhani ataajiriwa London huenda akashangaa. Moyo wa kazi za ndege uko Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, katika viwanda viwili vilivyo jirani. Warton huunganisha na kujaribu ndege za kivita aina ya Typhoon, mradi wa pamoja wa Uingereza, Ujerumani, Italia na Uhispania. Samlesbury hutengeneza sehemu ya nyuma ya kiwiliwili cha kila ndege ya F-35 inayounganishwa na Wamarekani. Mwezi Oktoba 2025 Uturuki ilitia saini kununua Typhoon 20, habari iliyopokelewa Lancashire kwa nafuu kubwa, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeonya kwamba kiwanda kilikuwa kinaishiwa na kazi. Ndege itakayofuata baada ya Typhoon inabuniwa pamoja na Japani na Italia, na lengo ni ianze kutumika mwaka 2035. Kwa mhandisi wa miaka 22, huo ni mradi unaoweza kumchukua hadi umri wa makamo.

Barrow-in-Furness ni mji wa bandari wa Cumbria ulio mwisho wa reli, na pato lake karibu lote hutegemea kiwanda kimoja. Hapo ndipo Uingereza hujenga nyambizi zake zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Sasa zinajengwa nyambizi nne za Dreadnought zitakazobeba makombora ya nyuklia aina ya Trident, na baada yake zitafuata zile zilizokubaliwa baina ya Uingereza, Marekani na Australia katika mkataba wa AUKUS. Kiwanda kinaajiri watu zaidi ya 10,000 na bado kinatafuta wengine. Anayetoka Birmingham au London mashariki, aliyezoea msikiti mkubwa, kanisa lenye ibada ya Kiswahili na duka la unga wa muhogo karibu na nyumbani, ajue kwamba Barrow hakuna vitu hivyo kwa wingi. Kwa upande mwingine, pango la nyumba ni nafuu sana kuliko la London, na kazi ya nyuklia haihamishiki kirahisi kwenda nchi nyingine.

Glasgow, katika karakana za Govan na Scotstoun, hujengwa manowari nane za Type 26 kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Mwezi Agosti 2025 Norway nayo ilichagua aina hiyo hiyo. Rochester, katika jimbo la Kent, hushughulika na elektroniki za ndege. Guildford ni makao ya kitengo cha usalama wa mitandao na ujasusi wa kidijitali, kilichotokana na kampuni ya Detica iliyonunuliwa mwaka 2008. Portsmouth hukarabatiwa meli za jeshi, na Glascoed huko Wales hujazwa risasi na mizinga. Mambo haya yana maana kwa mwombaji, kwa kuwa nafasi hutangazwa kwa kila kituo, na anayeomba kwa kuangalia jina la kampuni tu hujikuta akihojiwa juu ya kazi ya mji asioujua.

Njia za kuingia

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni uanagenzi, unaoanza baada ya shule na kulipwa mshahara tangu siku ya kwanza. Baadhi yake humalizika kwa shahada kamili ambayo ada yake hulipwa na mwajiri. Wazazi wengi waliokulia Afrika Mashariki huidharau njia hii, kwa kuwa kwao neno uanagenzi linakumbusha fundi wa pembeni mwa barabara na shahada inakumbusha heshima. Huenda ni hukumu isiyo ya haki. Mwanagenzi wa Samlesbury au Barrow hufundishwa katika chuo cha kampuni chenye mitambo ya kisasa, na humaliza akiwa na ufundi, uzoefu wa kazi, na hana deni la mkopo wa elimu.

Njia ya pili ni ya wanafunzi ambao bado wako chuoni: mafunzo ya wiki kadhaa wakati wa likizo ya kiangazi, au mwaka mzima kazini kabla ya mwaka wa mwisho wa masomo. Wanaofanya vizuri mara nyingi hupewa ahadi ya ajira kabla hata ya kuhitimu.

Ya tatu ni programu ya wahitimu. Kijana huajiriwa akiwa mfanyakazi kamili, kisha kwa miaka kadhaa huzungushwa katika idara mbalimbali. Wahandisi wa mitambo, umeme, programu za kompyuta, ujenzi wa meli na nyuklia ndio wengi, lakini zimo pia nafasi za uhasibu, manunuzi, usimamizi wa miradi, rasilimali watu na sheria. Wahandisi husaidiwa kuelekea kwenye usajili wa kitaaluma, ambao nchini Uingereza hutolewa kupitia vyama vya taaluma kama vile cha wahandisi mitambo au cha wahandisi wa umeme na teknolojia, na ambao hutambulika hata nje ya nchi.

Maombi hufunguliwa mapema, majira ya vuli, kwa kazi zinazoanza karibu mwaka mmoja baadaye. Mwombaji hujaza fomu mtandaoni, hufanya majaribio, hujibu maswali kwa video, kisha wachache huitwa kwa siku ya usahili yenye kazi za kikundi, maelezo mbele ya jopo na mahojiano ya ana kwa ana. Baadhi ya nafasi hufungwa kabla ya tarehe ya mwisho, pindi waombaji wanapotosha. Anayesubiri hadi matokeo ya mtihani hukuta milango imeshafungwa.

Hadi hapo BAE haitofautiani sana na mwajiri mwingine mkubwa. Tofauti huanza baada ya barua ya ajira kufika, kwa sababu barua hiyo ina sharti.

Kibali cha usalama

Ajira nyingi katika kampuni hii hutegemea kibali cha usalama, nacho hakitolewi na kampuni bali na serikali. Ngazi ya chini kabisa ni uhakiki wa kawaida wa utambulisho, haki ya kufanya kazi, historia ya ajira na rekodi ya jinai. Ngazi inayohitajika kwa wahandisi wengi huitwa kwa kifupi SC. Hapo huchunguzwa pia mikopo na madeni ya mtu, pamoja na kumbukumbu za idara ya usalama wa taifa. Ngazi ya juu, DV, huhusisha mahojiano marefu juu ya maisha yote ya mhusika: fedha, ndoa, marafiki, safari, tabia. Mtu hawezi kujiombea kibali mwenyewe. Sharti mwajiri amwombee.

Kwa kawaida SC huhitaji mtu awe ameishi Uingereza miaka mitano iliyopita, na DV miaka kumi. Madhumuni yake ni kwamba wachunguzi wapate kitu cha kuchunguza. Pasipo kumbukumbu, hakuna cha kuthibitisha. Kanuni hii hugawanya jamii ya Waswahili wa Uingereza katika makundi mawili. Kijana aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, akaletwa Uingereza akiwa na miaka minane na kusoma huko hadi chuo kikuu, ametimiza miaka hiyo yote. Mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam akiwa na miaka 19 kwa ajili ya shahada ya miaka mitatu na ya uzamili ya mwaka mmoja, hajatimiza. Viza ya wahitimu itampa ruhusa ya kufanya kazi, lakini ruhusa ya kazi si kibali cha usalama, na wengi huyachanganya mambo haya mawili hadi dakika ya mwisho.

Uraia ni suala la pili. Nafasi nyingine zinakubali raia wa nchi yoyote mwenye haki ya kuishi, nyingine zinataka uraia wa Uingereza, na chache zinazogusa siri nzito hutaka mtu asiye na uraia mwingine wowote. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa ajira kwa misingi ya utaifa, lakini sheria hiyo hiyo imeacha mwanya kwa mambo ya usalama wa taifa, mradi hatua iliyochukuliwa ilingane na hitaji. Kwa hiyo tangazo la kazi linaloandika kwamba uraia na mahali ulipoishi huenda vikapunguza nafasi unazoweza kupewa halivunji sheria. Halimaanishi vilevile kwamba mwenye asili ya Afrika ajiondoe mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Fomu za uchunguzi ziliandikwa na watu ambao jina la ukoo hurithiwa na tarehe ya kuzaliwa hujulikana. Waombaji wengi kutoka Maziwa Makuu hawamo katika hali hiyo. Mtoto wa Kirundi huenda asiwe na jina moja hata na baba yake. Mkimbizi huenda akaandikishwa kuwa alizaliwa tarehe 1 Januari kwa kuwa karani wa kambi hakuwa na tarehe nyingine ya kuandika. Jina la mama limeandikwa kwa namna moja kwenye karatasi za kambi na kwa namna nyingine kwenye hati ya kusafiria. Hakuna hata moja kati ya haya lililo kosa, na hakuna linalomfungia mtu kibali lenyewe kwa lenyewe. Linalomponza mtu ni kulificha. Wachunguzi huuona uongo mdogo kuwa mbaya kuliko ukweli mgumu, kwa hoja kwamba mtu anayeficha jambo anaweza kutishwa nalo. Hali kadhalika fedha zinazotumwa kwa jamaa kila mwezi: kuzituma si tatizo, bali mtu awe tayari kueleza zinakwenda kwa nani na kwa njia gani.

Kanuni ya Marekani

Kikwazo kisichofahamika sana kinatoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kampuni yoyote duniani inayotumia teknolojia ya kijeshi ya Marekani sharti ifuate kanuni za nchi hiyo za biashara ya silaha kimataifa, zijulikanazo kwa kifupi ITAR. F-35 imo humo, na teknolojia nyingine nyingi zinazopita katika viwanda vya BAE. Kanuni hizo zina orodha ya nchi ambazo Marekani imeziwekea vikwazo vya silaha. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha hiyo, pamoja na Somalia, Sudan na Sudan Kusini. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo.

Haina maana kwamba Mkongo amefungiwa nje. Kanuni zenyewe zinasema kwamba utaifa peke yake haumkatazi mfanyakazi wa kampuni ya kigeni kuifikia teknolojia hiyo. Kinachotazamwa ni uhusiano wa kina na nchi iliyomo kwenye orodha: safari za mara kwa mara, mawasiliano yanayoendelea na mawakala au raia wake, biashara, makazi, mshahara unaotoka huko. Aliye na uhusiano wa namna hiyo huhesabiwa kuwa ni hatari hadi ithibitishwe vinginevyo. Tangu Septemba 2024, kwa sababu ya mkataba wa AUKUS, Marekani imelegeza sehemu ya masharti hayo kwa kampuni zilizosajiliwa za Uingereza na Australia.

Hata hivyo mantiki ya kanuni ina ugumu wake kwa mtu wa Bukavu. Jamaa zake wako Kivu. Shangazi hupiga simu kila Jumapili. Msiba ukitokea husafiri. Katika utamaduni wake, kutofanya hivyo ndiyo aibu. Kwenye fomu, mambo hayo hayo yanaitwa mawasiliano yanayoendelea. Uhusiano wa kifamilia haulingani na uhusiano na jeshi au wafanyabiashara wa silaha, na afisa mwenye busara hulitambua hilo, lakini ni yeye anayeamua, na maelezo ya uamuzi wake hayatolewi daima.

Nchini Australia, ambako kampuni hujenga manowari za Hunter katika karakana ya Osborne mjini Adelaide na ambako itashirikiana na kampuni ya ASC kujenga nyambizi za AUKUS, sharti ni kali zaidi: kibali cha usalama hutolewa kwa raia wa Australia, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Wakongo na Warundi waliopokelewa huko kama wakimbizi hulazimika kwanza kupata uraia. Kwa Mkongo, hatua hiyo ina gharama ya ziada, kwani kifungu cha 10 cha katiba ya Kongo kinasema uraia wa nchi hiyo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Mtanzania mtu mzima yuko katika hali kama hiyo. Mkenya ameruhusiwa uraia pacha tangu katiba ya mwaka 2010.

Rada ya Dar es Salaam

Nchini Tanzania jina la BAE halikujulikana kwa sababu ya ajira. Mwezi Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya Tanzania kufikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kuiuzia nchi hiyo mfumo wa rada ya kijeshi na kiraia kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilipinga. Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, alipinga hadharani ndani ya serikali yake mwenyewe, akiona kwamba mfumo ulikuwa ghali mno na haukulingana na mahitaji ya nchi maskini. Upande wa pili ulitaja ajira za kiwanda cha Cowes, katika kisiwa cha Wight, ambako rada hiyo ilitengenezwa. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono mauzo.

Ofisi ya Uingereza ya kuchunguza udanganyifu mkubwa ilifuatilia. Ilibainika kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilikuwa zimelipwa kwa mshauri wa masoko nchini Tanzania. Kampuni haikukiri rushwa. Ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu za kutosha kuhusu malipo hayo. Mwezi Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark mjini London, Jaji Bean aliitoza faini ya pauni 500,000, huku akieleza kwamba ingekuwa ni upole wa akili uliopindukia kuamini kuwa mshauri yule alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri. Kwa makubaliano yaliyofikiwa, kampuni ilipaswa kuwalipa watu wa Tanzania pauni milioni 30 ukiondoa faini hiyo. Zikabaki milioni 29.5.

Watanzania waliziita fedha hizo chenji ya rada, na jina likakaa. Baada ya mabishano marefu juu ya nani azigawe, zilikabidhiwa serikali mwaka 2012 na kutumika kununulia shule za msingi vitabu na madawati. Mtu aliyekuwa darasa la nne wakati huo leo ana umri wa mhitimu wa chuo kikuu. Inawezekana kabisa kwamba mwombaji wa kazi huko Warton alijifunza kusoma kwa kitabu kilicholipiwa na kesi ya mwajiri wake mtarajiwa.

Mwaka huo huo wa 2010 kampuni ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani, la kutoa taarifa za uongo kwa serikali ya nchi hiyo, na kutozwa faini ya dola milioni 400. Tangu hapo imekuwa ikisema kwamba imebadili taratibu zake za kuwatumia mawakala, na kila mfanyakazi mpya hufunzwa kanuni za maadili. Tanzania iliporejea sokoni mwaka 2017 kutafuta rada nne za kiraia kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, ilizinunua kwa Thales ya Ufaransa.

Ndege juu ya Kongo, ndege juu ya Yemen

Kuna kumbukumbu nyingine iliyo kongwe zaidi. Ndege nyepesi ya mafunzo na mashambulizi aina ya Hawk, iliyotengenezwa na British Aerospace, iliuzwa pia Afrika. Kenya ilinunua kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Zimbabwe vilevile. Zimbabwe ilipoingia vitani Kongo mwaka 1998 kumsaidia Laurent-Désiré Kabila, Hawk zake zilikwenda pia. Mwanzoni mwa mwaka 2000, vita vikiendelea, serikali ya Blair iliruhusu vipuri vya ndege hizo viuzwe, na mjadala mkali ukafuata bungeni mjini London. Wakongo walioishi vita hivyo wana maoni tofauti juu yake kulingana na walikokuwa: aliyekuwa Kinshasa na aliyekuwa mashariki hawakuitazama ndege hiyo kwa jicho moja.

Leo mabishano ni juu ya Saudi Arabia na Israel. Saudi Arabia ni mteja wa miaka mingi, na ndege zilizotoka Warton zilitumika katika vita vya Yemen vilivyoanza mwaka 2015. Mwezi Juni 2019 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kwamba serikali ilikuwa ikitoa vibali vya mauzo kinyume cha sheria, kwa kutotathmini kama sheria za vita zilikuwa zimevunjwa. Mwaka uliofuata serikali ilifanya tathmini upya na vibali vikaendelea. Kuhusu Israel, kesi iliyohusu vipuri vya F-35 ilishindwa katika mahakama kuu ya London mwezi Juni 2025. Wanafunzi nao wamepeleka mabishano hayo kwenye kumbi za maonyesho ya ajira, na baadhi ya vyuo vimeona meza za kampuni za silaha zikizingirwa na waandamanaji.

Wanaoitetea kazi hii wana hoja yenye uzito. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, wengi barani Ulaya ambao hapo zamani wangeiona kazi ya silaha kuwa ya aibu wanaiona kuwa ya lazima. Wanaoikataa nao hawakosi hoja. Familia moja ya Mombasa iliyohamia Leicester inaweza kuwa na kaka anayeona Typhoon ni ngao na dada anayekumbuka jamaa zao wa Hadhramaut.

Kwa yule anayezuiwa na kanuni au na dhamiri, ujuzi huo huo una soko kwingine. Mabawa ya ndege za abiria za Airbus hutengenezwa Broughton huko Wales na kubuniwa Filton karibu na Bristol. BAE ilikuwa na asilimia 20 ya Airbus hadi ilipoziuza mwaka 2006, hivyo wahandisi wengi wakongwe wa Filton walianza kazi chini ya jina lile lile. Reli, mitambo ya upepo baharini na vifaa vya hospitali huhitaji watu wenye shahada hiyo hiyo, na kazi nyingi za huko hazihitaji zaidi ya haki ya kufanya kazi nchini.